Pruni kwa Mtu wa Kwinini

Siku ya tano baba hakwenda msalani.
Hilo halisemwi mbele ya wageni,
lakini nyumba yetu ya Nyamugo ni vyumba viwili,
na siri ya tumbo huketi nasi sebuleni
kama mpangaji asiyelipa.

Muuguzi Zihindula alimbonyeza, akamgonga kwa vidole,
akaandika kwenye kikaratasi neno moja: pruni.
Baba akavaa miwani, akalisoma mara mbili.
Miaka thelathini na moja kiwandani,
akikwangua maganda ya kwinini,
akirudi nyumbani hata mate yake machungu,
hata mbwa wa jirani akikataa mkate alioushika.
"Dawa hukunja uso," akasema.
"Hiki ni chakula cha watoto."

Basi nikapanda soko la Kadutu,
matope ya Aprili yakinivua viatu,
nikamkuta Mama Nankafu nyuma ya mafungu ya sambaza,
beseni lake la bluu limejaa
zambarau inayokaribia weusi,
na juu ya kila ngozi vumbi jeupe,
kama shingo ya mtoto aliyepakwa poda siku ya ubatizo.
Kando, juu ya gunia, zile alizozianika kwenye mabati:
zimenywea, zimejikunja,
vikongwe vidogo vinavyonata.

"Chukua hizi. Zinashusha presha,
zinarudisha mume, zinafuta deni,
mwenye upara anaota nywele."
"Mama, mimi natafuta choo tu."
Akacheka hadi beseni likatikisika.
"Hicho, mwanangu, ndicho cha kweli.
Mengine ni ya bei."

Njiani nikayapanga yale ya kweli peke yake,
maana uongo mtamu huoza upesi kuliko tunda:
kwamba ndani ya nyama ile mna nyuzinyuzi
zinazofagia utumbo bila kelele;
mna sukari ya taratibu
inayoyaita maji yarudi kazini;
kwamba ngozi, hiyo chachu tunayoitema,
ina hazina yake;
kwamba mifupa ya wazee, wanasema waliopima,
hushukuru kwa chache za kila siku.
Na kwamba ukila beseni zima utajuta hadi jogoo awike.
Hazifufui mtu. Hazilipi karo.
Pruni ni pruni.

Nikaloweka sita katika kikombe cha bati.
Jioni zilikuwa zimevimba, zimesahau jua.
Baba alizila kama anayetia sahihi
mkataba asioupenda,
akautafuta uchungu kwa ulimi, kushoto, kulia,
chini ya jino la dhahabu.
Hakuupata.
"Nimedanganywa," akasema,
akalamba kijiko.

Saa tisa usiku. Umeme hakuna, mvua juu ya bati.
Nikasikia fimbo, kisha komeo,
kisha ndara zake zikikimbia uani,
baba, ambaye tangu Pasaka hakukimbilia hata habari njema.
Mama akaketi kitandani. Hatukusema kitu.
Tuliisikiliza mvua
kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani wa taifa.

Kisha, kutoka kibandani, mluzi.
Mrefu, wa zamani,
ule wa zamu inayotoka kiwandani siku ya mshahara.

Asubuhi hakuna aliyeuliza.
Alikunywa chai, akakohoa,
akasema ni mvua, hewa imebadilika.
Lakini nilimwona akiokota kokwa sita kutoka kwenye kikombe,
akizipanga ukutani zikauke,
akizihesabu kwa kidole kile
ambacho rangi ya maganda haikukitoka kamwe.
Akatafuta mkebe mtupu wa siagi.
Udongo. Kokwa moja.

"Ya watoto," akasema, bila kuniangalia.

Halafu, nilipofika mlangoni:
"Mti utachukua miaka.
Mwambie yule mama, kesho aongeze kidogo."